Makadamia Inakauka

Embu, Jumanne

Neno lisilozaa ni lile tunalolilipia ili tangazo litokee mtu anapolitafuta mtandaoni, likabofywa mara nyingi, lisilete mnunuzi hata mmoja. Kwa kipimo hicho, "makadamia inakauka" halina utetezi.

Nilimpigia Mama Kendi, mwenye kitalu cha miche ya makadamia, ile miti ya njugu, kule Meru, ambaye namsimamia matangazo, nimwarifu kwamba naliondoa. Mvua imekaribia. Fedha zake za matangazo zikiishia kwenye neno hilo, miche itamzeekea mikononi.

"Hao wenye miti inayokauka hunipigia simu, Njeru. Nawaonyesha pa kukata, nawaambia dawa ya kupaka."

"Wananunua?"

"Mti ukipona wanunue mwingine wa nini? Wewe ukiugua unatafuta daktari ama fundi wa majeneza?" Akacheka peke yake. "Usiliguse."

Nimechoka kubishana na watu wema. Sikuligusa, na nahofia kitalu hicho hakitauona msimu mwingine, nami nitakuwa nimelijua hilo mapema.

Ripoti yake ninaikamilisha kesho. Ina safu ya mibofyo na safu ya mauzo. Mti uliopona nitauandika wapi?