Roketi ya Bowen na Matanga ya Baba Rehema

Jumatatu, 11 Agosti

Zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee, Merrylands. Wazee wanane wa kuogesha na kuvalisha. Wawili walinitukana, mmoja alinibusu mkono. Treni, kituo kimoja, Guildford. Wali na maharage. Rehema alichukua sahani yake akaenda kula chumbani, kama kawaida. Ana miaka kumi na sita na mlango anaufunga taratibu sana.

Gari liko pale pale kibandani. Ufunguo sina. Anao shemeji Zakaria, mdogo wake marehemu mume wangu, anayekaa Liverpool, hapa hapa Sydney. Kwetu mali ya marehemu haiguswi mpaka matanga yaondolewe, na gari ni mali. Kila baada ya wiki mbili Zakaria anakuja, anawasha injini dakika kumi, anazima, anakunywa chai, anaondoka na ufunguo. Mwezi wa tano sasa.

Nguo nyeusi, kitambaa cheusi. Sijisikii kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumatano, 20 Agosti

Rehema ameniongelesha. Alikuja jikoni na simu. Kuna roketi itarushwa wakati wa likizo ya shule, upepo ukiruhusu, huko Bowen, mji mdogo wa pwani ya Queensland. Kiwanja chenyewe kiko kando ya bahari. Watu hawaruhusiwi kusogea karibu, wanatazama kutoka ufukweni.

Baba yake alimwahidi: Ukipata L yako utaendesha wewe, mimi nitakaa pembeni namwomba Mungu, twende tukaione. L, leseni ya mwanafunzi wa udereva, aliipata Februari. Machi baba yake akafa. Moyo. Alikuwa kazini, ghalani, saa nne asubuhi. Msimamizi wake aliponipigia simu nilimjibu kwa Kiingereza safi: asante kwa kunijulisha. Naona aibu mpaka leo kwa ile asante.

"We can still go, Mum." Kisha kwa Kiswahili, jambo la nadra: "Kama unataka."

Nikasema ndiyo. Sikutaka, sikukataa.

Alhamisi, 28 Agosti

Rehema ametoa karatasi. Sikujua kama ipo. Ni ile njia, Baba Rehema aliiandika kwa mkono wake nyuma ya fomu ya ghala: Coffs Harbour, Brisbane, Rockhampton, Mackay, Bowen. Karibu kilomita elfu mbili. Pembeni ameandika mahali pa kula na mahali pa kwenda haja, maana alikuwa mtu wa haja. Rehema ameibandika kwenye friji.

Mwenye L haruhusiwi kupita kilomita tisini kwa saa. Rehema amepiga hesabu: tukiondoka Jumamosi ya kwanza ya likizo, tukilala njiani mara nne, tunafika. Alieleza yote haya akiwa mezani. Alikula mezani. Nilihofia hata kuinuka kufuata chumvi.

Niandike wazi. Mtoto huyu anadhani sikumpenda baba yake, kwa sababu sikulia. Sikulia hospitali wala kanisani wala makaburini, na akina mama waliona. Safari hii ndiyo kitu pekee anachoniongelesha. Ikivunjika atarudi chumbani, na mara hiyo hatatoka.

Jumapili, 31 Agosti

Baada ya ibada nilimwuliza Mama Shukuru wa kwaya kama anajua mtu mwenye chumba Brisbane, cha kulala siku moja. Akanipa namba ya binamu yake. Mgane, nyumba kubwa, mtu wa Mungu. Nikaiweka kwenye simu.

Zakaria alikuja kuwasha gari. Nilimwomba ufunguo. Akasema matanga kwanza. Matanga lini? Desemba, wajomba wa Perth wakipata likizo. Juni alisema Agosti. Akanywa chai vikombe viwili.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani akina mama walinyamaza nilipoingia. Wanawake wetu hawanyamazi bure. Nilijua kabla sijakaa.

Eti nina bwana Brisbane. Mjane anauliza nyumba ya mgane, anaomba ufunguo wa gari, ameonekana dukani Merrylands ananunua sanduku. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili halipo, na wala haliji, nimechoka mno.

Ningepaswa kukasirika. Nilirudi nyumbani nikapiga pasi sare za kazi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekosea. Kosa kubwa.

Nilimpigia Zakaria nikiwa mapumzikoni. Nikamwambia tuondoe matanga Jumamosi ya tarehe ishirini, kwa watu waliopo Sydney, chakula nitapika mwenyewe. Nililisema kama ninavyoomba siku ya mapumziko kazini: tarehe, sababu, asante.

"Mama Rehema," akasema, "deuil haiombwe na mjane. Ni famille ndiyo inaamua."

Kwamba matanga hayaombwi na mjane, nalijua. Tangu utoto nalijua. Mjane anakaa, wengine ndio wanamhurumia. Mjane anayeomba mwenyewe kuvuliwa nyeusi ana mtu anamsubiri nje. Kwa sentensi moja nimemalizia kazi aliyoianza Mama Shukuru. Nimekaa nchi hii ya fomu mpaka nimesahau mambo ya kwetu.

Jumamosi watakuja kuniuliza.

Jumamosi, 13 Septemba

Walikuja wanne. Zakaria na mke wake, na wazee wawili wa kanisa. Nilipika mbuzi na fufu ya muhogo. Wakala vizuri, maana hasira haizuii kula. Kisha Zakaria akanawa mikono, akauliza: ni nani?

Nikasema hakuna mtu. Tunataka kwenda kuona roketi.

Mzee mmoja alimtazama mwenzake. Kweli, hata mimi nisingeamini. Kama ningekuwa natafuta uongo, ningetafuta ulio bora kuliko huo.

Nilikaa. Nilijua nafasi inaondoka. Mikono ilikuwa mapajani kama ya mtu mwingine. Ndipo Rehema akatoka chumbani. Akapita katikati ya watu wazima bila hodi, akaibandua ile karatasi kwenye friji, akaiweka mbele ya baba yake mdogo.

"Baba aliandika hii. Baba alisema tutaenda," alisema. "Mama hana bwana. Mama hana hata marafiki. She goes to work and she irons."

Alikuwa ananitetea. Ilinichukua muda kutambua kwamba ndicho anachofanya.

Zakaria aliisoma karatasi kwa kidole, mji kwa mji. Alipofika pale pembeni, kwenye haja, akavua miwani. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa huyu." Mke wake akamshika bega. Kisha akasema tarehe ishirini ni sawa, na kwamba ni famille imeamua.

Jumamosi, 20 Septemba

Matanga yameondolewa. Watu sitini katika ua wa nyumba yetu, jirani Mlebanoni akatuazima viti. Maombi, nyimbo. Mke wa Zakaria aliniogesha bafuni, akanivua nyeusi, akanivika kitenge cha njano ambacho si rangi yangu. Nguo za marehemu ziligawiwa. Koti lake limekwenda kwa mzee wa kanisa, linambana. Viatu havikumtosha mtu.

Akina mama walingoja nilie. Mama Shukuru alisimama karibu kabisa, leso tayari. Sikulia. Nikagawa soda.

Zakaria alinipa ufunguo kwa mikono miwili. Rehema alikwenda moja kwa moja kubandika alama za L mbele na nyuma ya gari, za njano, akashuka barabarani kuzitazama kwa mbali kama zimenyooka.

Jumatano, 24 Septemba

Nimeiona kwenye simu, mapumziko ya saa tano. Roketi imeahirishwa. Upepo wa juu, halafu kifaa fulani wanataka kukikagua. Tarehe mpya haijatajwa. Itatangazwa.

Nilikwenda kukaa stoo ya mashuka. Moyo ulikuwa unapiga mpaka masikioni. Nikafikiri ni ugonjwa, kama wa mume wangu, nikajishika mkono kuhesabu mapigo. Haukuwa ugonjwa. Ni hofu. Hofu ya kumkuta Rehema jioni mezani na kumwambia, na kumwona anachukua sahani. Tangu Machi sijahisi kitu, na cha kwanza kurudi ni hiki.

Sikumwambia. Aliniuliza kama nimenunua maji ya radieta. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 25 Septemba

Bado sijamwambia. Nimechoma chapati ishirini. Rehema amepanga sanduku, akalipangua, akalipanga. Hakuitaja roketi hata mara moja. Nikashukuru. Mimi mwoga. Labda ataiona mwenyewe kwenye simu, labda sitalazimika kusema. Mama mzima nafikiria hivyo.

Ijumaa, 26 Septemba

Shule imefungwa. Aliingia, akatupa begi, akauliza kama mafuta yamejaa. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki. Nikasema bila kugeuka: Rehema, roketi imeahirishwa. Hakuna tarehe. Najua tangu juzi, nisamehe.

Nikageuka. Alikuwa anatazama sakafu.

"I know," akasema. "Tangu Jumanne."

Jumanne. Siku moja kabla yangu. Alijua wakati akiniuliza maji ya radieta. Alijua akipanga lile sanduku.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu kwa Kiswahili, polepole, akichagua maneno: "Nilifikiri ukijua, hutaenda na mimi."

Bomba lilikuwa linamwaga maji, hakuna aliyelifunga. Sikumkumbatia; nilikuwa na sabuni mpaka viwikoni na sijui ningeanzaje. Mwishowe yeye ndiye aliyelifunga. Akauliza tuondoke saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi.

Jumapili, 28 Septemba

Jana tulilala Coffs Harbour. Leo tunalala Brisbane kwa dada mmoja wa kanisa. Kwa mgane, hapana.

Rehema anaendesha kwa tisini, malori yote ya Australia yanatupita. Hageuzi shingo. Mguu wangu unakanyaga breki isiyokuwepo. Akaniambia niache, nikaacha, nikaanza tena. Hatuongei sana. Miwa pande zote mbili, mvua kidogo, kisha jua.

Tulisimama kujaza mafuta. Mzee wa pale dukani aliziona zile L, akatuuliza tunakwenda wapi. Rehema akasema Bowen. Mzee akapiga mluzi. Mbali hiyo. Kuna nini Bowen?

"Nothing," Rehema akasema. "Kwa sasa hakuna kitu." Hilo la pili alilisema kwa Kiswahili, akinitazama mimi.

Nikaona njaa, ya kwanza tangu Machi. Nikanunua pai mbili za nyama, tukazila tumesimama kando ya gari.