Esansi Inayorudi

Baba,

Nimeitoa kabureta. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine huko uliko, maana habari mbaya hazikosi mchukuzi.

Usikasirike kwanza. Kabureta ilikuwa imekwisha, hewa inajiingilia inapotaka, na kipuri chake hakipatikani tena hata kwa dawa. Tangu tulipokuzika kule Kibombo, gari lako la 404 halijatoka nje ya ua wa parseli yetu. Ndipo Baba mdogo Saleh akaja na wale wanaoyeyusha vyuma vya magari na kufua sufuria. Wakagonga kichwa cha injini kwa kidole, wakasikiliza, wakatikisa kichwa kwa furaha. Aluminiamu safi. Nikamwomba Baba mdogo anipe nafasi, akasema: Ijumaa, baada ya sala. Isipowaka siku hiyo, inakatwa.

Unakumbuka wakati wa vita ulivyoifungua kabureta kila jioni na kuifukia kwenye gunia la mpunga, ili wenye bunduki wakija wakute gari lisiloweza kwenda? Nilikuwa na miaka kumi, kazi yangu kuipangusa pumba asubuhi. Nilikuuliza kwa nini inakuwa na tundu hili, kwa nini na kikombe kile, mpaka ukanibatiza Mama Kwa-nini. Sasa nilipoitoa mwenyewe, tena kwa kuiacha, niliipangusa kama zamani. Lakini nitasema kweli: udadisi ulinizidi nguvu.

Kuna gari dogo pale mtaa wa Kasuku liliangukiwa na ukuta wakati wa mvua. Mwenyewe alinipa ruhusa nichukue ninachotaka. Baba, ungeona! Mahali pa kabureta pana kitu kimoja kifupi, na ndani yake sindano moja inayopuliza esansi, petroli yenyewe. Nikachukua kitu hicho pamoja na sindano yake, pampu yake ya umeme, nyaya, na kile kisanduku kinachopiga hesabu, kinachoitwa kalkilatere. Matundu ya boliti hayakulingana na ya kwetu, kwa hiyo nilihitaji kibao cha kukiunganisha na injini. Nani alinimwagia kibao hicho kwa aluminiamu iliyoyeyushwa? Wale wale wafua sufuria. Walicheka sana, wakasema kama gari halitawaka watakirudisha kwenye moto pamoja na ndugu zake.

Nilijaribu sindano nje kwanza, juu ya chupa. Inatoa ukungu, kama Mama anapopuliza maji kwa mdomo juu ya nguo kabla ya kupiga pasi. Nilikaa naangalia mpaka betri ikaanza kuchoka. Kisanduku kinajuaje kiasi cha kutoa? Kinauliza joto la maji, kinauliza mguu wangu umekanyaga kiasi gani. Nikasema, kumbe na wewe unaitwa Kwa-nini.

Alhamisi nikawasha. Injini ikashika, ikatoa moshi mweusi mpaka jirani akaanua nguo zake kwa matusi, ikafa. Nikarudia. Ikafa. Plagi zimelowa chapachapa. Nikabadili nyaya, nikasafisha, nikasoma dua zote ninazozijua. Ikafa.

Ijumaa asubuhi nikakaa chini na kikombe cha chai, nikaiangalia tu. Kile kitu kina mirija miwili. Mmoja unaleta esansi. Wa pili, mimi mwenyewe nilikuwa nimeuziba kwa boliti. Kwa nini niliuziba? Kwa sababu yako, Baba! Ile miaka ya bidon, dumu la esansi, juu ya paa la gari na mpira unaoshuka hadi kwenye injini, esansi ikija kwa baiskeli ndani ya chupa, uliniwekea sahani chini ya mpira nidake kila tone. Ulikuwa unasema, "Mutoto, esansi ikishuka imeshuka. Hairudi." Basi nilipoona mrija wa kutoka, nikaona ni wa kumwaga. Sikufikiri hata mara moja.

Nikatoa boliti, nikaingiza mpira kwenye chupa, nikaiwasha pampu. Esansi nyingi kabisa inarudi! Pampu inapeleka zaidi ya haja ili injini isipungukiwe, na kinachobaki kinarudi kwenye tangi. Nilipoziba, nikaisonga injini kwa shibe. Nikacheka peke yangu. Sisi tuliokulia vitani tungejuaje kwamba kuna mashine inayotegemea ziada? Nilitaka sana kukuuliza ungesema nini. Nilikukosa hapo zaidi kuliko siku ya mazishi.

Baada ya sala wakaja. Baba mdogo na kanzu yake, wafua sufuria na msumeno wao. Mpira wa kurudisha ulikuwa umefika kwenye tangi. Nikasema Bismillahi, nikageuza ufunguo.

Ikawaka mara moja, Baba. Haikukohoa, haikutikisa hata kioo. Baba mdogo aliinama kusikiliza kama inafanya kazi kweli, kisha akawaambia wale wenzake waende wakale wali, hapa hapana sufuria.

Mama alikuwa jikoni. Miaka yote alilijua gari lako likiwa bado kwenye kona, kwa ule mngurumo wake wa kifua kibovu, na ulikuwa unakuta amekwisha kukupakulia. Safari hii akapaza sauti, "Njo nani amefika? Mumufungulie!"

Nikazima. Nimeokoa gari lako, nimepoteza sauti yako, na nililia nimeshika usukani mbele ya watu wote.

Mungu akurehemu, Baba, na akupumzishe. Nakuahidi mvua zikipungua nitamleta Mama Kibombo kukuona. Ukisikia gari usilolijua linasimama karibu nawe, usishituke. Ni sisi.

Mwanao,
Zaina