Alisahau Kwamba Mkwe Wake ni wa Taveta

Jumanne, 3 Machi

Majani ya ng'ombe leo nimeyapata mbali. Mgongo unauma. Mama Neema, mke wa mwanangu Elisante, alishakamua kabla sijaamka. Elisante yuko Pasua mjini na duka lake, anapanda huku Jumapili.

Mume wangu hata chai hakumaliza. Huu muswada wa uhamiaji umewatia watu wa vyama wazimu. Chama chake kinasema mpaka ubanwe. Chama cha mdogo wake Anaeli kinasema hao wamelala, wao wangeubana zaidi. Ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa ajili ya mpaka ambao sisi wanawake tunauvuka kwenda kununua maharage Taveta, upande wa Kenya. Upuuzi mtupu.

Ijumaa, 6 Machi

Mkutano wa hadhara, uwanja wa shule. Mume wangu akapewa kipaza sauti. Akasema kila anayehifadhi mgeni asiye na kibali atajwe mbele ya watu. Makofi. Mama Neema, kando yangu, naye alipiga, kwa heshima ya baba mkwe.

Anaeli akasimama. "Kaka, tuanze na kwako."

Watu wakageuka kututazama. Mama Neema kazaliwa Taveta. Alikuja kwetu kwa miguu, kwa njia ya katikati ya mahindi, akafungia ndoa usharikani kwetu. Kichagga anakijua kuliko watoto wangu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kibali, hata sisi.

Mume wangu si mnafiki. Alisahau. Nimeishi naye, namjua, alisahau kabisa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ila alipokumbuka alikaa chini, hakusema neno. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 8 Machi

Ibadani hatukwenda. Elisante kamwambia baba yake maneno nisiyoyaandika hapa.

Anaeli naye kaja. Eti ilikuwa siasa tu, hakumkusudia mkwe. Chai sikumpa. Hajawahi kutoka kwangu bila chai tangu niolewe.

Jumanne, 10 Machi

Ofisi ya uhamiaji imemwita Mama Neema. Nimekwenda naye. Hawakumfokea. Arudi kwao, achukue hati ya kusafiria, aingie kwa geti la Holili, ndipo maombi yake ya kuishi hapa yapokelewe. Yatajibiwa lini? Hawajui. Watoto wabaki.

Anaogopa akitoka hatarudishwa. Mimi pia. Nimelia njia nzima, sikujali nani ananiona. Mabinti zangu wote wako Dar. Huyu ndiye niliyebaki naye.

Alhamisi, 12 Machi

Asubuhi mume wangu kakata jani la isale pembeni mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, kamfuata mkwe jikoni. Mzee mzima, jani mkononi, mbele ya mke wa mwanawe. Sijawahi kuona. Huku kwetu ukiletewa isale, utake usitake, unasamehe.

Kalipokea kwa mikono miwili. "Nimesamehe, baba. Ila ungesema palepale mkutanoni kwamba mimi ni wa kwako."

Mzee akatoka nje kwenda migombani. Mchana Mama Neema akaondoka kwenda Taveta. Jioni nimekamua mimi. Ng'ombe kagoma, kanipa kidogo tu.

Jumamosi, 14 Machi

Holili tangu asubuhi. Mume wangu kaja bila kofia ya chama. Nilikuwa na hasira naye, na nilifurahi kwamba yupo.

Mchana Mama Neema akatokea, hati mkononi, mfuko wa maharage kichwani. Afisa, mtu mpole, akamuuliza anamtembelea nani Tanzania. Mume wangu akawahi kujibu, kwa sauti hadi watu wote pale wakageuka: huyu ni mwanangu, anarudi kwake.

Afisa akatabasamu. Akagonga muhuri. Muhuri unasema: mgeni, miezi mitatu. Akamkaribisha nchini.

Tumefika kabla ya mvua. Watoto wakamrukia. Kabadili nguo, kaenda kukamua.