Helmeti ya Yule Mwalimu

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mdogo anywe dawa akishakula, si kabla.

Helmeti yako usihangaike nayo, nimeukata mkanda asije akaivaa mtu. Ilipodondoka kutoka juu ya kabati ikaniangukia mguuni, uliikimbilia yenyewe kwanza, ukaipangusa kwa shati, ndipo ukaniuliza, "Umeumia?" Najua alikupa yule mwalimu uliyetaka kumwoa kabla yangu. Nimeona wivu, sikatai. Lakini ulipoingia kuoga niliigeuza nikaitazama: ndani ina ufa unaopitisha ukucha, sponji imelala, inacheza kichwani kama sufuria. Mwaka jana ulipoanguka na pikipiki, ndiyo iliyopiga lami badala ya kichwa chako. Kazi yake iliisha siku ile. Wewe ukaendelea kuivaa kwa ajili ya mwalimu wako.

Leo pikipiki iache ndani. Jioni twende dukani uchague mpya, hata iwe nyekundu kama hiyo. ~~Chakula msinisubiri.~~ Nisubirini tule pamoja.

Nakitaka kichwa chako kizima, hata kama kuna siku kinamkumbuka yeye.

Mama watoto