Kumbe Mna Mtoto?

Shoga, nimejifungia chooni kwa kaka yangu, nakuandikia.

Wifi yangu, yule wa "huku kwetu ni salama", leo kamfanyia binti yake sherehe ya kutimiza miaka saba. Keki, maputo, viti vimepangwa uani. Hakuja mtoto hata mmoja!

Si unaujua mtaa wao? Kuta ndefu, mageti, hata njia ya miguu hakuna. Mtoto anatolewa ndani ya gari, anarudishwa ndani ya gari.

Basi wifi akamshika binti mkono, wakaenda kwa jirani kuomba watoto. Mimi nyuma yao. Jirani wa ukuta mmoja, shoga!

Mama wa watu akachungulia getini: "Kumbe mna mtoto?"

Miaka minne wanaishi pale! Kumbe mna mtoto! Na mtoto mwenyewe kasimama mbele yake na gauni jipya.

"Wangu wako kwa bibi yao," akafunga.

Nikadhani wifi atamkumbatia mwanawe. Wapi! Aibu ilitafuta pa kushukia, ikamshukia mdogo. Akamtikisa: "Miaka yote hii umeshindwa hata kulia kwa sauti, watu wakajua upo?"

Mtoto akamtazama mama yake. Halafu, kwa vile ni mtiifu, akafumbua mdomo palepale barabarani, akalia. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Shoga, hakuna geti hata moja lililofunguka.