Kitambaa Kwenye Mguu wa Kishingo

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituo cha polisi, Korogwe, tarehe 14 Juni 2025, saa 8:20 mchana

Jina: Chausiku Semboja
Umri: Miaka 18
Kabila: Mzigua
Dini: Mwislamu
Kazi: Muuzaji wa kuku kwa simu
Makazi: Kang'ata, Wilaya ya Handeni

Nathibitisha kwamba nitakayoyasema ni ya kweli. Afande Fausta ameniambia nipaze sauti, nami najitahidi.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Tangu Januari nafanya kazi na kikundi cha kina mama wafuga kuku wa Kang'ata. Mwenyekiti wake ni mama yangu mdogo, Shamsia. Kazi yangu ni kumpiga picha kila kuku, kumweka kwenye kundi letu la WhatsApp, kupokea oda na kusafirisha mzigo. Mteja anachagua kuku wake kwa picha na kulipa kwa simu. Kuongea na watu ana kwa ana kunanipa shida, lakini kuandika naweza.

Kwetu kuku wa watu wengi wakiingia tenga moja, kila mama huchana kipande cha pindo la kanga yake na kumfunga kuku wake mguu wa kulia. Hivyo akiuzwa tunajua ni wa nani. Desturi hiyo niliikuta. Nilichoongeza mimi ni kuhakikisha mguu unaonekana kwenye picha.

Mnamo tarehe 12 Juni, siku ya Alhamisi, tulikuwa na oda kubwa ambayo hatujawahi kuipata. Mama Elina, mwenye mgahawa karibu na stendi ya Korogwe, alitaka kuku kumi na wawili wa harusi ya Jumapili, na alikwishalipa. Kina mama walipiga vigelegele mpaka kuku wakaogopa. Saa 3 asubuhi nilimkabidhi tenga Hussein, kondakta wa basi. Tulishakubaliana naye kwamba anayekuja kuchukua mzigo ataje jina la mpokeaji na namba niliyoiandika kwenye kipande cha boksi juu ya tenga.

Basi lilipokuwa linaondoka Mama Mdogo alilipiga picha lile tenga, akaiweka status na maneno, "Mzigo wa Mama Elina, Korogwe tunakuja!" Namba ilikuwa inasomeka vizuri kabisa. Hakuna aliyelifikiria hilo. Wote tulikuwa tunacheka.

Saa 7 mchana Mama Elina alinipigia. Alisema, "Mwanangu, kuku wangu wako wapi? Nimesimama hapa stendi kama nguzo!" Nilimpigia Hussein. Alisema kijana mmoja alitaja jina na namba bila kukosea, naye akampa. Mama Elina hakumwamini, akaja kutoa taarifa hapa kituoni. Mwenye basi naye akamsimamisha Hussein kazi, akasema asiguse mlango wa gari lake mpaka kuku waonekane.

Hussein aliniambia, "Dada Chausiku, sijala hata paja. Waambie." Iliniuma. Makondakta wengine walikataa mizigo yetu wakisema kuku wananuka. Yeye peke yake alikubali.

Tarehe 13 Juni, jioni, nilikuwa napitia kundi moja la kuuza na kununua la watu wa Korogwe. Nikaona tangazo: "Kuku wa kienyeji, bei ya kutupa, wapo Old Korogwe." Nikaikuza picha. Mbele alikuwepo kishingo mwekundu, yule kuku asiye na manyoya shingoni, na mguu wa kulia ana kitambaa cha njano. Nilipiga kelele hadi Mama Mdogo akadhani nimeumwa na nyoka. Kuku alikuwa wake!

Nilimwandikia muuzaji kama mnunuzi. Mazungumzo yamo kwenye simu niliyomwonyesha Afande:

"Naomba picha ya mguu wa huyo kishingo."

"Dada, unanunua kuku au unanunua mguu?"

"Kwetu tunaanza kukagua miguu."

"Haya, daktari wa kuku."

Akatuma. Nadhani hakuvifungua kwa kuona ni vitambaa vya kufungia tu, kwa sababu si mtu wa kwetu.

Leo asubuhi mimi na Mama Mdogo tulifika kituoni kutoa taarifa. Afande Fausta akavaa nguo za kiraia, tukaenda naye Old Korogwe pamoja na Hussein. Saa 5 tulimkuta kijana anayeitwa Hiza kando ya tenga letu, wamebaki kuku tisa. Hussein alisema, "Ndiye huyu niliyempa."

Hiza alisema, "Kondakta asinisingizie. Kuku nimefuga mwenyewe." Halafu akanigeukia mimi. "Kuku wekundu wapo nchi nzima, mdogo wangu. Una ushahidi gani?"

Watu walishajaa, na wote wakawa wananitazama. Kama ingekuwa kwenye simu ningejibu, lakini pale hapakuwa na pa kuandika. Ndipo nikaiona kanga aliyojifunga Mama Mdogo. Nikalivuta pindo.

"We Chausiku, unanivua mbele za watu?"

Nilimbeba kishingo, nikauweka mguu wake mahali kanga ilipochanwa. Nusu ya korosho iliyochorwa kwenye kitambaa ikakutana na nusu iliyobaki kwenye kanga. Ikawa korosho moja! Nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa hata darasani: "Kuku huyu ni wetu, na Hussein hakuiba!"

Mama mmoja muuza maandazi akasema, "Haya Hiza, na wewe lete kanga yako!" Watu walicheka sana. Hiza akakaa chini. Alisema mwenyewe, mbele yetu, kwamba aliwahi kununua jogoo kwetu, na kwamba jina na namba aliviona kwenye status ya Mama Mdogo.

Mama Mdogo alimwambia Hussein, "Nisamehe mwanangu, furaha ilinizidi." Hussein akasema, "Mama, siku nyingine furahi mzigo ukishafika."

Kuanzia sasa namba ya mzigo nitamtumia mpokeaji peke yake. Naomba mwenye basi asomewe maelezo haya, hasa mahali nilipopaza sauti kule Old Korogwe, kwa sababu pale ndipo niliposema jambo lenyewe.

Nimeishia hapo. Nimesomewa niliyoyasema, ndivyo yalivyotokea, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: C. Semboja

MAELEZO YA MCHUKUA MAELEZO: Mimi Koplo Fausta nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Alianza kwa kunong'ona. Maelezo yake yalipofika Old Korogwe ilinibidi nimwombe apunguze sauti. Vielelezo: kuku tisa, tenga moja, kanga moja iliyochanwa pindo. Kishingo ametaga yai chini ya meza wakati shahidi anatia sahihi, nalo limeongezwa. Mwenye basi amefika na kusomewa. Saa 10:00 jioni basi la Handeni limeondoka, Hussein akiwa mlangoni.