Kamba Iliyofunga Mbuzi

Mjukuu wangu Mutheu,

Huku Waithaka tu wazima, ila babu yako na ubishi wake. Umeniuliza kama umwachishe mwanao Mwende vidonge vya pumu, kwa kuwa ni vya steroidi, dawa uliyosikia hudhoofisha mifupa ya watoto. Usimwachishe kabla daktari hajasema.

Mimi nilimeza steroidi utotoni kwa ajili ya figo, na mkono ukavunjika nikifunga dirisha tu. Mama akaogopa, akanikalisha ndani. Kamba yangu ya kuruka akaifungia mbuzi. Daktari aliposikia akamwambia, "Mama, dawa asiache, ila mifupa ikikaa bure hulegea zaidi. Mkono ukipona, mwache acheze."

Jioni hiyo mama alimfungua mbuzi, akanirudishia kamba. Mbuzi alipotea. Mimi mpaka leo naenda soko la Kawangware kwa miguu yangu.

Nyanya yako